Angetile na Madoa Mekundu ya Mwambani

Watu wakisema mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi tu, hilo neno "tu" hunipandisha hasira. Vyungu vya Angetile vilipakiwa mitumbwini kwetu huku chini ya mlima, karibu na Ikombe, vikaenda kupika ndizi na maharage Mwaya, Ipyana na kwingineko. Mwenye chungu chake hakukubali kukibadilisha na cha mtu mwingine. Hata hivyo, ufinyanzi tuliujua wengi. Kuhesabu jua alijua yeye peke yake.

Mimi ni Marita, niliolewa na mwanawe Eliya. Nilitoka Mwaya, tambarare, na nilikuja na maringo yangu. Kwetu kila mtoto anakijua Kilimia, zile nyota ndogo zilizosongamana, na wazee wetu husema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Basi wiki ya kwanza tu nikamuuliza mama mkwe, kwa mdomo wangu huu, "Mama, hapa kwenu Kilimia mnakiona wapi?"

Akacheka hadi akaweka chini udongo aliokuwa akiukanda. "Mwanangu, mashariki yetu ni ukuta. Nyota ikimaliza kuupanda huu mlima, kumeshakucha zamani."

"Basi mnalima kwa kubahatisha?"

"Loo! Jioni funga nguo yako vizuri, tunapanda."

Alipanda mbele, mama wa miaka hamsini na kitu, mimi binti mbichi nyuma nahema. Juu tukakuta mwamba mkubwa ulioinama mbele kama paa la baraza. Ukutani mwake palikuwa na michoro myekundu: duara lenye miali pande zote, na kando yake mstari wa madoa kumi na moja. Nani aliichora? Hakuna ajuaye. Wakinga wa juu mlimani wanasema waliikuta, nasi Wakisi wa chini tunasema tuliikuta.

"Waliochora hawakuwa na jembe la chuma," Angetile aliniambia. "Macho walikuwa nayo."

Mbele ya mwamba yamesimama majabali mawili yenye upenyo katikati. Mvua kubwa zikielekea kuisha, jua likikaribia kuzama ng'ambo ya ziwa, mwanga hupita kwenye ule upenyo ukaangukia doa la kwanza. Baada ya siku chache huhamia la pili, kisha la tatu, hivyo hivyo hadi kwenye duara. Hapo husimama siku kadhaa, kisha huanza kurudi ulikotoka. Ukifika kwenye duara, Angetile alianza kuhesabu miezi mitano, kisha akatangaza, "Wekeni mbegu." Mvua ya uongo iliyokuja mapema haikumdanganya hata mara moja. Majirani walioshindwa kungoja walipanda mara mbili, na mbegu walikuja kuomba kwetu. Nakwambia, maringo yangu ya Mwaya niliyameza kimya kimya.

Mwamba ule ulikuwa na kazi yake pia. Kila masika maji yalichuruzika juu ya michoro yakaacha utando mweupe. Kwa hiyo mvua zikipungua, Angetile alipanda na kibuyu cha udongo mwekundu, ule ule tunaopaka vyungu kabla ya kuvichoma, akapitisha kidole juu ya kila doa. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha, naye alifundishwa na mwingine. Hakuongeza, hakupunguza. Sasa, chungu ukikipaka hivyo, moto huishika rangi, haitoki tena. Mwamba hauchomwi moto. Hilo hakuna mwanamke aliyelifikiria.

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu, muda mfupi baada ya vita vya Majimaji, Wajerumani walitaka kujenga gati Mwaya. Na Mwaya ninavyoifahamu, ukichimba siku nzima hupati hata jiwe la kumrushia kuku. Akaja Mjerumani mmoja msimamizi, tukamwita Bwana Mawe, na mashua, na baruti, na karani wake Ezra, kijana wa Ipyana aliyesoma misheni. Wakapanda, wakaugonga mwamba wetu kwa nyundo, wakaupenda. Ezra akatutangazia kwamba kesho asubuhi utavunjwa.

Angetile alikuwa akisugua chungu kwa kokoto. Akakiacha hapo hapo, akapanda, nasi kijiji kizima nyuma yake.

"Mwambie bwana wako," alimwambia Ezra, "hii ni kalenda ya watu wa kale. Mkiivunja hatutajua siku ya kupanda."

Ezra akatafsiri. Bwana Mawe akanyoosha kidole gumba, akasugua doa moja, akakiinua tukione. Kilikuwa chekundu.

"Anasema rangi hii ni ya juzi," Ezra akasema, naye akaangua kicheko. "Mama, si umepaka mwenyewe?"

Angeweza kukana. Mimi ningekana, tena kwa kiapo. Lakini yeye akasema, "Ndiyo. Nilipaka mimi, mwezi uliopita."

Nilitamani ardhi inimeze. Eliya akaninong'oneza, "Mama ametumaliza."

"Ila chini ya rangi yangu ipo ya wenyewe," Angetile akaongeza.

"Umewahi kuiona?"

"Sijawahi."

"Sasa unajuaje?"

Angetile akaugeukia ukuta. Kisha akasema bila kugeuka, "Marita, lete maji."

Hebu fikirini, ninyi mnaosema mfinyanzi tu! Akiosha na chini pakawa patupu, mwamba ameuua yeye kabla ya baruti. Nilimpa kata ya maji. Akalowesha kitambaa cha kichwani, akafuta doa la kwanza. Maji mekundu yakatiririka hadi miguuni pake. Palipokuwa na doa pakabaki jiwe la kijivu, basi. Watu wakaguna. Ezra akaanza kukunja karatasi zake.

Angetile akaendelea kusugua, polepole, kama anayemwosha mtoto uso. Akasogea kando kidogo, upana wa vidole viwili, na pale, chini ya ule utando mweupe, likaanza kujitokeza doa jingine. Lilikuwa jeusi kwa wekundu wake, rangi ya ini.

"Tumekosea," akasema kwa sauti. "Miaka yote hii tumekosea."

Kila mwanamke alifuata kidole cha aliyemtangulia, na kila mmoja alisogea unywele mmoja. Angetile akayafuta yote kumi na moja, kisha duara. La chini yake lilikuwa dogo, na miali yake myembamba ambayo mkono wetu haujawahi kuiweza. Bwana Mawe akasugua kwa kidole gumba, akatia mate, akakwaruza kwa ukucha. Kidole kilibaki safi.

"Anauliza hili duara ni la nini," Ezra akasema, safari hii kwa adabu.

"Mwambie akae. Jua linashuka."

Tukakaa wote, Mzungu juu ya sanduku lake, sisi chini. Mwanga ukapita kwenye upenyo, ukatambaa ukutani, ukasimama. Miaka niliyoshuhudia ulikuwa ukiishia ukingoni mwa duara letu, nasi tukisema umefika. Siku ile ulitulia katikati ya lile la kale, ukalijaza lote, haukuzidi. Nilipiga kelele, sioni haya kusema.

Bwana Mawe akatoa mfukoni kijitabu cha tarehe, akakitazama, akautazama ukuta, akakitazama tena.

"Anasema hata kwenye kitabu chao, siku hizi ndipo jua linapofika mwisho wake na kugeuka," Ezra akasema.

"Basi kitabu chao kimeandikwa vizuri," Angetile akajibu.

Mzungu akaagiza wavunje majabali ya kule chini karibu na maji. Msinifanye nimsifu, mawe yalijaa mlima mzima. Ezra alikuja mbele ya Angetile akapiga magoti. "Ndaga, asante mama. Unisamehe." Wanawake wakapiga vigelegele hadi ng'ambo ya mto wakasikia.

Wakati wa kushuka nilikuwa karibu kuruka. "Mama, tumeshinda!"

Alishuka mbele yangu hadi tulipokaribia ufukweni. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko.

"Shangazi yangu alikufa nikiwa msichana," akasema. "Vyungu vyake vimevunjika vyote, hakuna hata kigae. Kidole chake kilikuwa pale juu, mwanangu, ndani ya ile rangi. Ndicho nilichokuwa nakifuata kila mwaka. Leo nimekiosha mwenyewe."

Nililia mimi, yeye hakulia. Tulipofika majini niliinama nimnawishe, akaificha mikono nyuma yake.