Bakhita Alikaa Eda Unguja

Mie mtu asinambie habari ya subira. Subira nimekula mpaka nimekinai. Mwaka mzima nilikuwa nikenda na wifi yangu Bakhita kwenye ofisi ya ukaazi, tunakaa kwenye viti vya chuma chini ya mashine ya kipupwe inayogandisha mifupa, tunangoja namba yetu iitwe, na ikiitwa tunaambiwa njooni wiki ijayo. Mie mguu unavimba, yeye mgongo unamuuma, na hata nguvu za kugombana hatuna, sisi ambao tunagombana tangu siku aliyoolewa na kaka yangu.

Nianze mwanzo, msije mkanichoka. Bakhita ni mtoto wa Unguja mjini. Sisi ukoo wetu ulirudi Oman mimi ningali msichana, tukapata pasi za hapa. Kaka yangu Zahor akenda Unguja kuwaona jamaa, akarudi Maskati ana mke. Bakhita hakubadili pasi yake, maana ukichukua ya hapa unaiacha ya kule, na kule alikuwa na kiwanja cha marehemu mamaake ambacho hakutaka kukipoteza. Zahor akasema basi, kadi ya ukaazi inatosha, mke wangu nani atamfukuza? Kadi ikawa ikiisha inafanywa upya, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyekaa akaifikiria.

Hapa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, hakuna nyumba ya Waswahili isiyomjua. Mtu akijifungua ndiye anayeitwa kumkanda mzazi na kumwosha mtoto. Anakwenda na mafuta yake kwenye kikapu, hataki ujira, na akikukuta umelala kifudifudi siku ya tatu ya uzazi anakusema mpaka ulie. Mie mwenyewe nilipomzaa mwanangu Maan niliugua nikalazwa, sikujua usiku wala mchana. Bakhita alikuwa ndiyo kwanza amezika kitoto chake cha kike, na hakujaaliwa kingine tena. Akamchukua Maan akamtia ziwani, akamnyonyesha. Nilipotoka hospitali nilimkuta mwanangu ana mashavu. Kwa dini yetu basi Maan ana mama wawili, mimi ananiita Mama, yeye anamwita Ummi, na tukimwita sote wawili kula, kwake ndiko anakokwenda kwanza. Nimeshazoea.

Mgongo ulimwanza kama mchezo, mwisho hata kuinuka kwenye mswala hawezi. Maan akampeleka India akapasuliwa. Kidonda kikafanya usaha, akapasuliwa tena. Alipoweza kusimama daktari akataka apate mtu wa kumwinua na kumgeuza, na nyumbani kwetu tulikuwa mimi na Zahor tu, vizee viwili ambao hata dumu la maji tunaliangalia kwa mbali. Unguja ana wapwa, wasichana wenye nguvu. Ikaonekana akapumzike huko kidogo, kisha arudi. Muda ulikuwapo. Mwenye kadi ya ukaazi haruhusiwi kukaa nje zaidi ya miezi sita, na yeye alikuwa hata minne hajafikisha.

Bakhita yuko Unguja, ndipo Zahor akafa. Asubuhi alikwenda Azaiba kununua samaki, akarudi anasema kifua kinambana, na kabla ya magharibi tunamwosha.

Nilimpigia simu Bakhita mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Wifi, nnakuja."

"Njoo," nikamwambia. "Chumba chako kipo. Eda utakaa kwenye nyumba ya mumeo."

Kaka yake mkubwa, Majid, akaichukua ile simu mkononi mwake. "Balqis, huyu sasa mjane. Eda imemkuta hapa, atakaa hapa. Hapandi ndege kwenda kubanana na wanaume asiowajua."

Nilibishana naye. Nikamwambia ana wapwa watamleta, nikamwambia watu wenye elimu wamesema mjane arudi nyumba ya mumewe. Kumpigia mbuzi gitaa. Majid akishasema jambo kwa sauti ile ya mbele za watu harudi nyuma, na Bakhita tangu mdogo hajamvunjia neno, kwani ndiye aliyemlea. Wakamweka chumbani, mapazia chini, miezi minne na siku kumi. Wanawake wakenda kumpa pole, wakamsifu kwa kuishika dini. Siku za eda kila mtu alikuwa akizihesabu. Za kadi hakuna.

Eda ikaisha, akaogeshwa, akafukizwa udi, akakata tiketi. Kiwanja cha ndege kijana akaangalia kompyuta yake akamwambia, "Bi Mkubwa, kadi hii imeshakufa."

Basi ikabidi aje kwa viza ya matembezi. Mwanamke aliyeipaka rangi nyumba ile kwa mkono wake akaingia kama mtalii. Alifungua kabati, kanzu za Zahor zinaning'inia vilevile, akafunga kabati. Kila viza ikikaribia kuisha tunahangaika kuiongeza, na kila safari tunaambiwa haitaongezwa daima. Kama ukaazi haukupatikana ataondoka, na safari hii moja kwa moja. Hilo ndilo tulilokuwa tukilikimbia mwaka mzima, mie na mguu wangu na yeye na mgongo wake.

Siku ya mwisho Maan aliomba ruhusa kazini, tukenda watatu. Afisa tuliyempata alikuwa kijana mwenye adabu, sikatai, alisimama kutuamkia. Akasoma karatasi za hospitali moja moja, hakuruka hata ukurasa. Kwa Kiarabu cha taratibu akasema, "Hizi zinamtetea kwa siku za matibabu. Baada ya hapo je, kilichomzuia nini?"

"Eda," nikamjibu. "Kafiwa na mumewe."

Akainamisha macho, akamwombea Zahor rehema, na aliomba kwa moyo. Kisha akauliza, wala si kwa ubaya, "Lakini mama, mke si hukaa eda nyumbani kwa mumewe? Angerudi kukaa hapa, angekuwa ndani ya muda."

Bakhita alikuwa akilinyoosha buibui lake magotini, analinyoosha tu. "Kaka yangu ndiye aliyeniambia," akasema. Mtu mzima, mjane, anasema kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilimwonea uchungu, na Majid nilimchukia kwa roho yangu yote, Mungu anisamehe.

Maan akasogea mbele. "Niandike mimi niwe mdhamini wake. Huyu mama yangu."

Afisa akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Na huyu pia." Akamweleza habari ya ziwa.

Yule kijana akageukia kompyuta yake, akatafuta. "Kwa dini ni mama yako, nani atakupinga? Kwa karatasi ni mke wa mjomba wako marehemu. Mashine hii hainipi pa kumwandika." Akaturudishia mafaili kwa mikono miwili. Ombi limekataliwa.

Chini ya ofisi ile kuna vijiduka vya kuandikia watu maombi. Karani mmoja ameshatujua kwa sura, akatuita. "Njia ipo," akanambia pembeni. "Huyu hajafika sitini. Mchukulie viza ya mtumishi wa nyumbani. Wewe uwe kafili wake, mwajiri wake. Atakaa muda wote mnaotaka."

Niliyomjibu sitayarudia hapa. Maan alinishika mkono akanitia garini.

Nyumbani sikuweza hata kuvua buibui. Nikakaa, nikalia kwa hasira. Bakhita akaja akakaa karibu yangu, polepole, kwa vile mgongo wake haukunjiki haraka.

"Wifi, yule karani kasema nini?"

"Upuuzi."

"Nimemsikia."

"Kama umemsikia, mbona waniuliza? Mie nikutie saini kuwa mtumishi wangu? Mke wa Zahor? Watu wakijua?"

"Watu gani?" Akauegemeza mgongo ukutani. "Mie Unguja nna kiwanja, sina mtu. Majid mzee, wale wasichana wataolewa. Zahor kalala hapa. Maan yuko hapa. Mie taabu ya hizi safari nimeichoka, Balqis, nimechoka sana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nipe jembe langu nikae."

"Siwezi."

"Basi anayenirudisha Unguja si serikali tena," akasema. "Ni wewe."

Hakusema kwa ukali.

Nikatia saini. Karani aliuliza atafanya kazi gani, kupika au kulea, na Bakhita akamjibu mwenyewe, "Andika yote." Maan alisimama nje ya mlango mpaka tulipomaliza. Hakutaka kuona.

Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya, kwenye foleni ya wanawake wanaoanza kazi. Wengi wasichana wa Kiafrika na wa Kihindi, wageni wa jana na juzi, wanashika pasi zao kwa vidole viwili kama zitawaunguza. Mbele yetu alikuwa binti wa Bukoba, Restituta, na aliposikia Kiswahili uso ukamchanua, akamwamkia Bakhita.

"Shikamoo, mama. Umewasindikiza mabinti?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupimwa mwenyewe."

Binti akamtazama mvi zilizochungulia kwenye ushungi, akanitazama na mimi na bangili zangu, akapunguza sauti nisisikie. "Pole, mama. Na umri huu? Umepata nyumba gani, ni watu wazuri?"

"Wazuri," Bakhita akasema. "Bibi mwenye nyumba ana mdomo kidogo, lakini ana huruma."

Akacheka, binti naye akacheka. Mie nilijidai natafuta kitu kwenye mkoba. Kisha akamwita yule binti karibu akamfundisha aseme nini kwa Kiarabu akiwa na njaa na aseme nini akiumwa, mpaka jina lake likaitwa.

Kadi imetoka. Bakhita yuko chumbani kwake, kanzu za Zahor bado kabatini, na wiki iliyopita alikwenda Qurayyat kumkanda mzazi akarudi na tende na maneno. Jirani hawajui kitu. Maan akija anambusu mkono yeye kwanza, kisha mimi, na sasa anakawia zaidi kwenye ule mkono.

Chai ya alasiri Bakhita ameipika tangu alipoingia nyumba ile, na mie siku zote niliipokea nimekaa, nikaonja, nikamwambia imezidi sukari. Sasa nikimwona na sinia nainuka nikaipokee mlangoni. Hapendi. "Kaa, wifi, na mguu wako huo," ananambia. Sikai. Na chai ikizidi sukari naimaliza, sisemi kitu.