Radhi Niliyotumwa Barawa

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, bibi wa Kibarawa aliyefika Saint Paul, Marekani, kupitia kambi ya wakimbizi ya Mombasa, alikataa kupasuliwa moyo. Daktari alimweleza mara tatu kwamba vali moja ya moyo imechoka na haitangoja sana. Bibi akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani kupika. Watoto wake wakaja kunililia mimi, maana ni muuguzi, tena mzaliwa wa Tanga, na bibi hudai Kiswahili changu kinampoza kichwa kuliko cha mkalimani wa hospitali.

Nilipanda kumgombeza. Akaningoja nimalize.

"Mwanangu," akasema, "sipandi kitanda cha daktari na kinyongo cha mtu mgongoni."

Ndipo akanipa habari yenyewe. Vita vilipoingia Barawa, mji wao wa pwani ya Somalia, lori la kukimbilia lilisimama mtaani kwao mchana mmoja tu. Bibi alikuwa na jirani, mwenzake wa tangu utoto, na alimwahidi kwamba hatapanda bila yeye. Akaenda kumwita mlangoni. Akagonga, akaita, kimya. Dereva akapiga honi, watoto wakalia, bibi akapanda. Mwenzake akabaki na vita vyote. Sasa ni zaidi ya miaka thelathini, na kila simu ikipigwa, yule mama hukataa kuja kuzungumza.

"Wewe waenda kule mwezi ujao na wauguzi wenzio. Niombee radhi. Akikataa, basi, niache nife na langu."

Kweli nilikuwa naenda, wiki mbili, kujitolea. Niliondoka theluji ikiwa magotini, nikijiandaa kuona magofu. Magofu yapo. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kando ya kuta zilizotobolewa na risasi nitakuta watu na ndoo za chokaa. Kila Ijumaa baada ya swala, mtaa mzima huhamia kwenye nyumba moja iliyobomoka. Hawa wanakoroga chokaa, wale wanapitishiana mawe, wengine wanapika. Ijumaa inayofuata ni zamu ya nyumba nyingine, na hakuna anayeuliza mwenyewe alikuwa upande gani. Nilisimama mdomo wazi. Na mimi huku hununa wiki nzima lifti ikiharibika siku mbili!

Yule mwenzake wa bibi alikuwa mama mwembamba, mgongo wima. Kibarawa chake na Kiswahili changu ni ndugu wa baba mmoja. Tukienda polepole tunaelewana. Alinikaribisha mkekani, akaleta bakuli la buni, yaani kahawa nzimanzima iliyokaangwa kwa mafuta ya ufuta. Kwetu kahawa hunywewa. Kule buni hutafunwa, mafuta yake yakapakwa mikononi na kichwani, dua ikaombwa, ndipo maneno yaanze. Sikuyajua hayo, na kazi ya Marekani imenizoesha kumpa kila mgonjwa dakika kumi na tano. Nikatafuna punje moja, nikafuta vidole kwa tishu, nikautoa ujumbe wote kwa pumzi moja: moyo, vali, radhi.

Akaitazama ile tishu. Akainuka, akasema kwa upole kwamba mlango wake u wazi kwangu kesho, akaingia ndani. Mkwewe ndiye aliyenieleza wakati ananisindikiza: nimeleta jambo la uhai na kifo, nikalimwaga kabla ya dua. Niliona aibu hadi masikio yakanichoma.

Kesho yake nilikwenda na mdomo wangu nimeufunga. Nikatafuna buni, nikajipaka mafuta mpaka utosini, nikaitikia amina katika dua ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilingoja. Si kawaida yangu.

"Nilimsikia," akasema mwishowe. "Nilikuwa nyuma ya mlango. Mama yangu hakuweza kuinuka kitandani, nisingemwacha. Na yule namjua, angeniona asingepanda. Nikajiziba mdomo kwa mtandio mpaka lori likaondoka." Akapangusa macho. "Miaka yote analia kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyemdanganya. Nizungumze naye kwa uso gani?"

Nimeshika mikono ya watu wakikata roho, lakini sijawahi kukaa mbele ya kitu kikubwa namna ile. Nilitaka tupige simu palepale. Akakataa. Alitaka bibi aambiwe kwanza, kisha aamue mwenyewe kama bado anaitaka sauti yake.

Nilirudi Saint Paul nikapanda moja kwa moja kwa bibi, koti likiwa bado mwilini. Nilimweleza yote. Nikaanza kumtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

"Nipigie," akasema.

Safari hii mwenzake alikuja kwenye simu. Nilidhani nitasikia radhi zikiombwa huku na huku. Bibi akapaza sauti kama anamkaripia mtoto.

"Mwongo mkubwa wewe! Na mama je? Alikufa lini?"

"Mwezi ule ule."

"Ulimzika na nani?"

"Peke yangu."

Bibi alifunika uso kwa kiganja, akalia. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili.

"Ningoje," akamwambia. "Wanitengeneze huu moyo, nije tumsomee mama hitima pamoja."