Mkono Aliompa Haldane

Denzil Cogar aliingia kwenye siasa kwa sababu ya daraja, si kwa sababu nyingine yoyote, na wanaosema alikuwa na uchu wa madaraka tangu ujana wake wanasema uongo mtupu. Daraja la Laurel Fork lilisombwa na mafuriko, basi la shule likawa linazunguka mlima mzima, na mjumbe wetu bungeni wa wakati ule, bwana mmoja mwenye suti nzuri na masikio mabovu, aliahidi na kuahidi mpaka ahadi zikachacha. Denzil alikuwa fundi wa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepungukiwa vidole, kama wa mafundi wengi wa kazi ile. Siku moja kwenye karamu ya vitunguu pori, ile ya kila machipuko kwenye jumba la zimamoto, ambayo ikiisha hakuna anayetaka kukusogelea kwa harufu, alisimama na sahani yake mkononi.

"Kama hakuna mwingine," alisema, "basi nitakwenda mimi."

Akaketi, akaendelea kula. Hiyo ndiyo ilikuwa kampeni yake, na hakuwahi kupiga nyingine ndefu kuliko hiyo. Tukamchagua, na daraja likajengwa.

Bunge la jimbo letu hukaa wakati wa baridi kali tu. Siku nyingine zote za mwaka wajumbe wako makwao, mkulima kwa ng'ombe wake na mwalimu darasani, na Denzil alikuwa kwenye banda lake la misumeno. Ukiwa na shida ulimfuata huko huko. Mjane ambaye pensheni ya mumewe imekatwa alisimama kwenye vumbi la mbao akaeleza, na Denzil akamsikiliza huku akipiga tupa, na wengine walirudi nyumbani wakilalamika kwamba hakuwajibu hata neno moja. Kisha baada ya muda pensheni ilirudi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakupanda cheo bungeni na hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kamati yoyote, na hotuba zake zilikuwa fupi mno hata waandishi wa habari walikuwa hawajashika kalamu anapoketi. Lakini akikwambia jambo litafanyika, ulikwenda kulala.

Mke wake, Maxine, alikuwa akimtania mbele za watu. "Mume wangu ana maneno machache, na hayo machache keshawapa kaunti nzima. Mimi nimebakiwa na 'chumvi iko wapi.'"

Walikuwa na binti mmoja, Twila. Alizaliwa kwenye hospitali yetu ndogo ya kilimani, akakua, akawa muuguzi hapo hapo. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha ilipoanza kusema hospitali ile haina faida na itafungwa, Denzil aliandika muswada wa jimbo kuzibeba hospitali ndogo za milimani kwa fedha zake. Kila mwaka aliupeleka, kila mwaka ukafia kwenye kamati, naye kila mwaka aliufufua. Kazi nyingine zote za bungeni akaziweka kando. Kutoka kwetu kwenda hospitali nyingine ni kuvuka mlima, na anayejua mlima ule wakati wa theluji hana haja ya kuelezwa zaidi.

Hatimaye mwaka mmoja muswada ukafika mbele ya Bunge zima. Denzil alikuwa amehesabu vichwa, na kura za kutosha zilikuwapo, tena na za akiba. Watu wetu wakakodi basi kwenda mji mkuu kutazama. Twila alikuwa miongoni mwao, amevaa sare yake ya uuguzi ili wajumbe wamwone.

Asubuhi ya siku hiyo Denzil alikuwa anakunywa kahawa ukumbini alipojiwa na Pruitt Haldane. Huyu alikuwa mwanasheria wa mjini, wa chama kile kingine, na kwenye muswada huu alikuwa mpinzani, kwa kuwa hospitali kubwa za kwao zilizitaka hizo fedha. Hata hivyo walikuwa marafiki. Walikuwa wamekaa kamati moja ya barabara miaka na miaka, na huko ndiko walikofundishana dama na kuibiana keki. Siku hiyo Haldane alikuwa mweupe kama karatasi.

"Corinne yuko hoi," alisema. Corinne ni mkewe. "Moyo. Wanampasua leo asubuhi. Denzil, funga jozi na mimi."

Kufunga jozi ni desturi ya zamani ya Bunge lile. Mjumbe mwenye mgonjwa au msiba humtafuta mmoja wa upande wa pili, wakapeana mikono, na siku hiyo wote wawili hawapigi kura, ili aliyeondoka asipoteze kitu. Hakuna sheria inayolazimisha wala karatasi inayotiwa saini. Ni mkono tu.

Denzil akafikiri juu ya kura zake za akiba, akamtazama rafiki yake. "Nenda kwa mkeo," akasema, akampa mkono ule wenye vidole pungufu.

Theluji ikaanza kabla ya adhuhuri. Wajumbe wawili wa upande wa Denzil, waliokuwa wamekwenda makwao, walikwama nyuma ya mlima. Mwingine akaitwa kando na wakubwa wa chama chake, akanong'onezwa, akarudi ameinamisha kichwa na hakutaka kumtazama mtu usoni. Denzil alihesabu upya, na akiba haikuwapo tena. Akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga huko alikolazwa Corinne, amwombe Haldane amwachilie kwenye jozi. Muuguzi akamjibu kwamba Bwana Haldane yuko ndani na madaktari na hawezi kutoka. Akamwomba Spika asogeze kura mbele hadi kesho. Spika akakataa.

Kura zikaitwa. Taa za kijani na nyekundu zikawaka kwenye ubao mkubwa ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawaka isipokuwa za wale wawili waliokwama na mbili za jozi. Zilikuwa zimelingana. Kwetu muswada uliolingana kura umekufa.

Spika hakufunga ubao. Alimtazama Denzil, akasubiri. Mnadhimu wa chama cha Denzil alimjia mbiombio akiwa ameinama katikati ya viti.

"Bonyeza, Denzil."

"Nina jozi na Haldane."

"Haldane hayupo!"

"Ndiyo maana tukafunga jozi."

"Wewe mzee una akili timamu kweli? Muswada ni wako! Watu wako wale pale juu wanakutazama!"

"Nimempa mkono."

"Mkono? Haya, ukawatibu kwa huo mkono."

Denzil alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya mapaja, na kitufe kilikuwa pale pale mbele yake. Akainua macho kwenye roshani ya wageni akamwona Twila, amesimama wakati wenzake wote wameketi, anaitazama mikono ile iliyotulia na kutikisa kichwa polepole kama anayemkataza mtoto kitu cha hatari. Akayateremsha macho. Spika akagonga nyundo.

Aliporudi nyumbani kesho yake mchana, Maxine alikuwa jikoni anageuza viazi. Habari alikuwa amezisikia redioni. Hakumpa pole wala hakumgombeza.

"Yule Haldane," aliuliza, "angekushikia wewe jozi?"

Denzil akavua kofia. "Hapana."

"Ulijua hivyo kabla ya kura?"

"Nilijua. Ni mtu mzuri, Maxine, lakini neno lake hubadilika na hali ya hewa. Nimekaa naye muda mrefu."

Maxine alizima jiko. "Sikuelewi, na leo sitajaribu kukuelewa. Lakini Twila usimwambie. Mtu aliyedanganywa atamsamehe. Hilo lingine, sijui."

Hospitali ilifungwa kabla majani hayajaanza kudondoka. Twila akapata kazi ng'ambo ya mlima, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwa wazazi wake. Uchaguzi ulipofika, kijana mmoja muuza magari alimpinga Denzil ndani ya chama chake mwenyewe. Mabango yake yalikuwa na maneno mawili tu: MIMI NITABONYEZA. Denzil alishindwa vibaya hata Laurel Fork, kwa watu waliokuwa wakivuka daraja lake kwenda kupiga kura. Sitaficha, mimi jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Watu wakamfanya kichekesho. Kwenye kituo cha mafuta mtu alimnyooshea mkono, na Denzil alipotaka kuushika, akaurudisha haraka. "Aa, samahani Mheshimiwa! Nikikupa mkono nitakosa daktari!" Wengine walisema huyo usimtume hata kwenye lifti, hatabonyeza. Denzil alilipa mafuta yake, akaondoka.

Aliyewanyamazisha alikuwa Twila. Hasira yake ilipotulia, alirudi, kwanza kwa ajili ya mama yake, kisha kwa ajili ya wote wawili. Alikuwa amejitafutia njia ya kumwelewa baba yake na aliishikilia kwa nguvu. "Baba alidanganywa," alimwambia yeyote aliyethubutu kucheka. "Yeye ni mtu wa neno, akadhani na yule mwanasheria ni mtu wa neno kama yeye, wakati Bunge zima linamjua kigeugeu. Hilo ni kosa lake, kuwadhania watu mema. Wewe una kosa zuri kama hilo?" Alisema hivyo dukani, akasema hivyo kanisani, na mtu mmoja aliyezidi kucheka, Twila alimmwagia kinywaji kifuani.

Denzil alisikia yote na hakumsahihisha. Kila Jumapili gari la Twila lilipanda kilima chao, akashuka na pai ya tufaha, wakakaa barazani watatu, na Denzil alijiambia kwamba mzee aliyepoteza kila kitu ana haki ya kubaki na Jumapili. Lakini ilimla, kwa kuwa hakuwa amezoea kusifiwa kwa jambo lisilo kweli.

Ilikuwa Jumapili mojawapo ya hizo Maxine alipoanguka. Alikuwa anakatakata maharage mabichi ya kuweka kwenye chupa, akasema kisu kimekuwa kizito, akaanguka. Twila alijua ni kiharusi kabla hajamgusa. Gari la wagonjwa likaja upesi tu, sina lawama hapo. Likapita mbele ya hospitali yetu ya kilimani, yenye madirisha yaliyopigiwa mbao, likaanza kupanda mlima. Twila alikuwa nyuma ameushika mkono wa mama yake, na Denzil alikuwa mbele na dereva. Maxine alifariki kwenye kona ya machimbo ya mawe, kabla hawajaanza kuteremka.

Twila hakumlaumu baba yake. Alimkumbatia pale pale barabarani. "Si kosa lako, Baba. Ulidanganywa." Denzil akalia, na sisi tulioambiwa habari hiyo tulidhani tunajua analia nini.

Baada ya mazishi tulikusanyika kwenye jumba la zimamoto, na wanawake wakapanga nyama ya nguruwe, viazi na mkate wa mahindi. Watu walikuwa wameshaanza kula walipoingia wageni wawili. Pruitt Haldane alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, na pembeni yake alikuwa Corinne, mzima, mwenye mashavu mekundu, amemshika kiwiko. Denzil akasimama akawavutia viti mwenyewe.

Wakakaa. Haldane alizungusha kikombe kitupu mezani kwa muda.

"Denzil," alisema, "nimekaa na jambo hili miaka yote, na nikifa nalo sitapumzika. Ingekuwa wewe ndiye umekwenda kwa Maxine, na mimi ndiye nimebaki, kura zikalingana vile... Mimi ningebonyeza. Ningebonyeza na kisha ningekuomba radhi."

Denzil alikuwa amechoka. Hakuwa amelala tangu kona ya machimbo, na uongo, hata ule wa kukaa kimya, hakuwa na nguvu nao tena.

"Najua, Pruitt," alisema. "Nilijua siku ile ile."

Nyuma yake alikuwa amesimama Twila na birika la kahawa.

"Ulijua?"

Denzil akageuka. "Twila."

"Ulijua asingekushikia?"

"Nilijua."

"Nimegombana na kaunti nzima kwa ajili yako. Nimewaambia watu wote ulidanganywa."

"Sikudanganywa, mwanangu."

"Mama naye alijua?"

"Alijua."

Twila alimmiminia Haldane kahawa, akammiminia Corinne, akawauliza kama wanatumia sukari, kwa maana mama yake alimlea hivyo. Kisha akaliweka birika chini, akamwinamia baba yake, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo.

"Basi nieleze tu nielewe. Ulimchagua mtu ambaye ulijua asingekuchagua, ukatuacha sisi. Kwa nini, Baba?"

Miaka yote ile Denzil alikuwa na jibu, alimjibu nalo mnadhimu, alilala nalo na kuamka nalo, na alilitoa tena sasa kwa sababu hakuwa na lingine.

"Nilikuwa nimempa mkono," alisema, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akasikia jinsi lilivyo dogo.