Eda ya Simu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha mori kama simu nzima kuambiwa imezeeka. Simu ya marehemu mume wa shangazi yangu ilikuwa nzima, kioo safi, chaji inakaa. Lakini kampuni iliyoitengeneza ilishaisusa, na siku moja programu ya kupigiana video ikakataa kufunguka. Wakati huohuo binti wa shangazi alikuwa amejifungua Mtwara. Shangazi, mjane aliyekuwa bado katika eda nyumbani kwake Ilala, hakuwa na njia nyingine ya kumwona mjukuu, na habari za kununua simu mpya hakutaka kuzisikia. Hii mumewe aliishika kwa mkono wake, alisema, hizo nyingine ni mabati tu.

Nikaenda kwa fundi Kariakoo, kwenye ghorofa moja ambayo hata ngazi zake zimegeuzwa maduka. Akanieleza: tunafungua kufuli la kiwandani, tunatoa mfumo wa zamani, tunaweka mpya uliotengenezwa na watu wa mtandaoni kwa mapenzi yao. Ila kampuni haitoi ruhusa papo hapo. Unaomba, kisha unasubiri siku kadhaa laini ikiwa humohumo, na ukiichomoa unaanza upya. Halafu kufuli likifunguka, kila kilichomo kinafutika.

Nikampelekea shangazi habari.

"Isubiri, isitoke, isibadilishe laini," alirudia taratibu. "Mwanangu, hiyo si eda?"

Nikamwambia hapana, ni mambo ya usalama, kwa faida ya simu yenyewe.

"Hata mimi niliambiwa ni kwa faida yangu."

Kuanzia hapo simu ikakaa eda. Aliivua kava yake ya vimeta kwa kuwa mjane hajipambi, akaifunika upande wa kanga. Waliokuja kutoa pole waliwapa pole wote wawili. Mimi niliruhusiwa kuigusa kwa sababu ni mtoto wa kaka yake, lakini fundi, alipopita Ilala kuangalia ombi letu limefikia wapi, alikuta pazia limeshushwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Naomba niione simu kidogo."

"Haionwi na wanaume."

Fundi, Mchaga wa watu ambaye Jumapili huimba kwaya, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Basi mama, chaji inaendeleaje?"

"Alhamdulillahi," pazia likajibu.

Nilicheka njia nzima kurudi Magomeni. Kilichonitoa raha ni lile la kufutika. Marehemu alikuwa amejirekodi sauti na kuifanya alamu ya alfajiri, saa ambayo bomba la pale nyumbani hutoa maji likipenda: "Mama watoto, amka, maji yanatoka!" Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kumtoa mkewe kitandani, maji yawepo yasiwepo. Hata baada ya mazishi alamu iliendelea, na kila alfajiri shangazi alibeba ndoo, akafungua bomba, likakohoa hewa tupu.

"Muongo!" alifoka uani. "Hata huko ulikokwenda hujaacha!"

Kisha alicheka, kisha alilia, ndoo mkononi. Niliwahi kulala pale nikamsikia, na roho iliniuma sana.

Nikataka kuihamishia ile sauti kwenye simu yangu. Akakataa katakata, mume wake hakai mfukoni mwa mwanaume mwingine. Kwenye kadi ya memori je?

"Nimzike mara ya pili, tena kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha?"

Basi ikawa ni mjukuu au ni ile sauti. Nilipomuuliza atachagua kipi, alisema tutaona siku ya kutoka.

Wakatoka eda wiki ileile, yeye na simu. Shangazi akaoga, akajifukiza udi, akaivisha simu kava yake ya vimeta, tukaenda Kariakoo. Fundi alikuwa ameshaandaa kompyuta na waya.

"Mama, nikishafungua hakirudi kitu. Nifungue?"

Shangazi akaniomba nimwekee ile alamu aisikie mara ya mwisho, nami nikapandisha sauti mpaka ikagota.

"Mama watoto, amka, maji yanatoka!"

Jengo lile lilikuwa halijaona maji tangu juzi. Korido nzima ikageuka. Muuza kava wa jirani akaruka meza yake na dumu. Mama ntilie wa chini akaacha chapati kwenye kikaango, akakimbilia bomba la ngazini, na nyuma yake watu wakaanza kugombea foleni ya maji yaliyotangazwa na marehemu. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Fundi aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta bisibisi.

Tukasikia bomba linakohoa, kama lile la Ilala. Likakohoa tena.

"Yanatoka!" mama ntilie akapiga kelele. "Leteni ndoo, jamani, yanatoka kweli!"

Shangazi alisikiliza maji yakipiga kwenye ndoo tupu. Machozi yalimtiririka wala hakuyafuta.

"Leo kasema kweli," akasema, na akamkabidhi fundi simu. "Haya, fungua, mwanangu."