Msoma Breki wa Gerezani

Ukitoka Kariakoo kuingia mtaa wa Gerezani, ukapita maduka ya taa na vioo vya magari, utausikia mlio wa jiwe la kunolea chuma kabla hujamwona Bakili mwenyewe. Ni fundi breki. Breki tu, ukimpelekea gari linalotoa moshi atakuonyesha jirani yake kwa kidole na kuendelea na kazi. Alikuja mjini kutoka Masasi akiwa kijana, mikorosho ya baba yake ilipokataa kumlisha, na mpaka leo hajawahi kumiliki gari. Anakuja kazini kwa miguu kutoka Msimbazi, na jioni anarudi kwa miguu vilevile.

Hata hivyo mtaa mzima ulimheshimu, na heshima hiyo ilitoka kwa mtu mwingine: Abdulkadiri, dereva wa mbio za magari, ambaye Gerezani walimwita Chelewa. Wenzake wakiiona kona wanakanyaga breki. Yeye alisubiri. Unamwona anakuja na vumbi lake, unajisemea sasa, sasa, jamani huyu amekwisha, ndipo taa nyekundu za nyuma zinawaka, gari linageuka ubavu, linapita, na wewe umebaki umemshika mkono mtu usiyemjua. Miaka ile akishinda, watu walifunga maduka saa sita mchana kwenda kumpokea. Wazee wa heshima zao walirukaruka kama watoto.

Sasa, kila baada ya mbio, pedi zake za breki zilizotumika zililetwa kwa Bakili kwenye mfuko wa saruji. Kahawa ilimiminwa kwenye vikombe, watu walikaa juu ya matairi, na Bakili alizifuta pedi kwa petroli, akaziinamisha kwenye mwanga na kuzisoma. Pedi ya breki haifichi kitu. Aliyekanyaga mapema na kuburuza mguu, yake inalika sawasawa, inakuwa laini kama kisigino cha mzee. Aliyesubiri hadi mwisho kisha akakanyaga kwa nguvu, yake inaungua, inang'aa, ina rangi ya bluu ukingoni. Basi Bakili aliinua moja na kusema, "Hii ni ile kona ya daraja. Mnaona? Hapa hakuwa na nafasi hata ya kumeza mate." Nao walipiga kelele hadi watu wa kituo cha mabasi ya mwendokasi wakageuka. Baadaye alizitundika kwa waya ukutani, juu ya meza yake ya kazi. Hakuwa na picha ya mtu mwingine yeyote ukutani pale, hata ya mama yake.

Kisha Chelewa alipinduka kwenye mashindano ya Morogoro, akakaa hospitali, akakaa nyumbani, na mtaa ukakaa kama umefiwa. Aliporudi kwenye mbio, kule Bagamoyo, alimaliza wa nne. Gerezani hawakutaka kujua wa kwanza alikuwa nani. Amerudi! Hilo ndilo lililokuwa midomoni, kuanzia kwa wauza shokapu hadi kwa mama wa chapati.

Safari ile mfuko wa pedi aliuleta Chelewa mwenyewe, peke yake, watu walipokuwa wamekwenda kuswali alasiri. Bakili alizifuta, akazitazama. Zilikuwa laini, zimelika sawasawa zote nne.

"Umeona," Chelewa alisema.

"Nimeona, bosi."

"Mguu unaenda wenyewe, fundi. Kona bado iko kule, mimi nimeshakanyaga. Usiku naota lile gari linabiringika. Nataka kuacha." Alikaa juu ya tairi, yule mtu aliyetisha watu wazima, na viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. "Lakini nikisema mimi, watadhani nadeka. Wataniambia nijikaze. Wewe ukisema, wataamini. Wasomee kama zilivyo. Waambie Chelewa amekwisha, waniache nipumzike na familia yangu."

Bakili aliahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, hilo lazima lisemwe.

Ila kuahidi mbele ya mtu mmoja ni kitu kingine. Kesho yake mtaa ulijaa hadi pikipiki zikakosa njia. Rajabu, muuza vioo vya pembeni na mwenyekiti wa mashabiki kwa kujiteua mwenyewe, alikuja na vuvuzela. Mtu alikuwa ameshona bendera. Bakili aliinua pedi ya kwanza, akaona nyuso zile zote zikimtazama yeye, zikimsubiri yeye, fundi asiye na hata baiskeli. Aliyakumbuka maneno aliyoyaandaa. Alijua akiyasema, watu watakwenda zao, na hawatarudi kukaa juu ya matairi yake tena.

"Chelewa," alisema, "ni yuleyule."

Mtaa ulilipuka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia kitu. Mashabiki waliamua kumtengenezea gari upya kwa mbio zitakazofuata: huyu alitoa shokapu, yule matairi, mwingine taa, kila duka na kifaa chake, na Bakili akafunga breki mpya kwa mikono yake. Mtu atakataaje gari ambalo mtaa mzima umelishona kipande kwa kipande? Chelewa alipokuja kulichukua alitabasamu, akapeana mikono na kila mtu. Alipofika kwa Bakili hakumlaumu. Alimtazama tu, akasema taratibu, "Haya, fundi. Umenirudisha barabarani." Ingekuwa afadhali angemtukana.

Siku ya mbio Gerezani walikodi basi, wakajipanga kwenye kona ya kwanza kabisa na bendera yao. Bakili alisimama mbele. Alimwona Chelewa akija. Wenzake walikuwa wakiimba, "Subiri! Subiri!" yeye akinong'ona, kanyaga, kanyaga kaka, nakuomba kanyaga. Alizisubiri taa nyekundu. Hazikuwaka. Gari lilipita moja kwa moja, likavuka mtaro, likaugonga mti. Ignasi, aliyekaa pembeni ya Chelewa kumsomea njia, alitolewa amevunjika mkono na hakukumbuka kitu. Chelewa alitolewa amekufa.

Mabaki ya gari yaliletwa Gerezani, na Bakili aliyafungua peke yake. Alianza na hofu ya kila fundi, akabonyeza pedali kwa mkono. Ilikuwa ngumu, nzima, breki zinashika barabara. Alichomoa pedi. Zilikuwa zimeguswa kidogo tu, kama za gari lililokuwa likisogea kwenye foleni ya kuanzia. Hakuna palipoungua. Alilia pale chini ya gari, mafuta yakimtonea shingoni.

Baada ya matanga watu walikuja kukaa juu ya matairi. Walitaka wasomewe pedi. Bakili aliinua pedi moja, akaishusha upesi wasije wakaiona vizuri. "Alichelewa," alisema. "Alikanyaga mwisho kabisa." Wakashusha pumzi, wengine wakafuta machozi, Rajabu akasema kafa kiume. Bakili akaitundika ukutani haraka, uso wake umeelekea ukuta.

Najma, mjane wa Chelewa, alikuja akiwa bado ndani ya eda, amejifunika baibui jeusi. Eda haimruhusu mwanamke kuzurura, na watu walipomwona walisimama wote. Aliingia ndani kwa Bakili, akarudishia mlango wa bati.

"Kaka, nimeambiwa wewe ndiye unayejua. Aliniapia atakanyaga mapema. Alisema, hii moja, mke wangu, polepole mpaka mwisho, halafu basi. Nataka kujua kama alijaribu."

Bakili alitaka kumpa uongo mzuri. Alikuwa nao mwingi. Akamtazama, uongo ukamkatalia.

"Hakukanyaga, dada. Hakukanyaga kabisa."

Najma alitikisa kichwa polepole. Hakulia. Alizitazama zile pedi zilizoning'inia kwa waya, nyingi, za miaka yote ya ndoa yake.

"Kuna kitu kingine," alisema. "Baada ya Bagamoyo aliniambia kuna mtu hapa Gerezani atamsemea kwa watu. Kwamba ameogopa, anataka kuacha. Alilala vizuri usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Nimekuwa najiuliza. Huyo mtu hakupata nafasi ya kusema?"

Nje, mtu aligonga bati kidogo, akaambiwa awe na adabu. Bakili aliangalia mikono yake. Alitafuta pa kuiweka, akakosa.

Najma aliitazama mikono ile. Kisha akaelewa, akakunja uso.

"Allah atakuuliza," alisema. Akafungua mlango, akapita katikati ya watu waliompisha kwa heshima na kumwombea subira, akashika njia ya Mnazi Mmoja.

Rajabu aliingiza kichwa.

"Fundi, shemeji kasemaje?"

Walikuwa wamejaa mlangoni wote, wanamtazama.

"Kashukuru," alisema Bakili. "Anasema tumemheshimu sana mumewe."