Walipotufungia Mferejini

Jumamosi tulimzika baba. Jana nilipita mtaa wa Georgetown, nikaiona mashua ya watalii mferejini, nikakumbuka sikukuu aliyonipandisha mashua kama ile. Wakati huo mama alikuwa akinong'ona nyumbani kwamba baba hana makaratasi ya kuishi katika nchi hii ya ugenini, polisi wakimkamata watamfunga.

Mashua iliingia kati ya kuta za mawe zenye harufu ya tope. Malango yakafungwa nyuma yetu, na mwongozaji akasema tumeingia "lock", neno nililolijua kwa kufuli na jela tu. Nikamng'ang'ania baba.

"Wasikufunge!"

Alicheka. "Wanafungia maji, mwanangu, ili yatupandishe. Siyo mimi."

Maji yakatuinua taratibu. Malango ya mbele yalipofunguka, baba alikuwa bado ameushika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.