Pazia Lililomeza Rangi za Mtoto

Saa moja asubuhi, mteja wa kwanza hajabisha hodi, Fundi Picha ameshainamia kompyuta yake. Chumba kina stuli ya picha za pasipoti na printa inayokohoa kama mzee. Kwenye kioo cha kompyuta yupo msichana wa miaka sita, amesimama mbele ya pazia la maua. Maua yanang'aa. Uso wa mtoto umejaa mabaka.

"Kifungua mimba wangu huyo," anamwambia mgeni aliyekuja kuitazama kazi yake, bila kugeuka. "Na aliyemharibu ni mimi mwenyewe."

Ana miaka hamsini na minane, thelathini ameimaliza kwenye kazi hii. Zamani picha zilihifadhiwa kwenye disketi, na disketi zilikuwa adimu. Ili picha nyingi zienee, alizigeuza kuwa PCX, faili la kizamani, akaziwekea rangi mia mbili hamsini na sita tu. Kisha akafuta za mwanzo. Programu yake iligawa rangi hizo kwa kuangalia ni kitu gani kimetanda zaidi.

Kilichotanda ni pazia. Alikuwa amelinunua wiki ile, roho yake kwatu, akamsimamisha bintiye mbali ili lionekane lote.

"Nimezihesabu. Uso umepata rangi tisa," anasema. "Pazia limeshiba, mwanangu kaachiwa makombo."

Miezi miwili baada ya picha hiyo mtoto aliugua homa, akafariki. Picha nyingine hawana.

Kwa miaka mingi fundi hakuthubutu kulifungua faili hilo. Kilichomrudisha ni macho ya mkewe. La kushoto limeshazimika, na daktari anasema la kulia limebakiza miezi michache. Mama huyo ameomba jambo moja tu: amwone binti yake kama alivyokuwa.

Programu za sasa zina rangi kwa mamilioni, na kulainisha mabaka si kazi. Lakini rangi ya ngozi lazima aichague yeye, na haikumbuki. Anayewarekebishia wenzake picha za marehemu wao kila wiki amemsahau wa kwake. Machozi yanamtoka mbele ya mgeni, wala hayafichi.

"Nimejaribu rangi yangu, nikajaribu ya mama yake. Kila ninayomtia, naona mtoto wa watu."

Mkewe anaingia na chupa ya chai, akipapasa ukingo wa meza. Anasogeza uso mpaka pua inakaribia kioo.

"Baba watoto, umemtia weusi mno." Anaisogeza kanga mkononi, anaonyesha upande wa ndani wa kiwiko. "Alikuwa hivi. Hapa ndipo nilipomlaza kichwa. Nilikuwa nikimtazama, sioni alipoishia yeye nikaanza mimi."

Fundi anachukua kamera, anaupiga picha mkono huo mara tatu. Rangi ataitoa hapo. Ijumaa anakusudia kuichapa picha, kubwa, aitundike mkabala na kitanda.

"Na hilo pazia nalifuta lote," anasema.

"Liache," mkewe anamjibu. "Siku ile alilishika pindo, akaniambia maua yote ni yake."